Profesa na Shule ya Saucío

Kaskazini mwa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, njia inapopanda kuelekea wilaya ya Chocontá, kuna kitongoji cha wakulima wa viazi na ngano kiitwacho Saucío. Huko ni juu, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi baridi huuma, na watu hutoka wamejitanda ruana, vazi la sufu lenye tundu la kupitisha kichwa. Wakizungumza na mtu, awe jirani au mgeni, humwita *sumercé*. Ni neno la zamani la mtumishi kumtukuza bwana wake, ila vinywani mwao limegeuka kuwa neno la heshima na la upendo, mke humwita mume na mama humwita mtoto. Mgeni kutoka mjini, akiitwa hivyo na mzee aliyevua kofia, ni rahisi adhani amesimama mbele ya mtu mnyonge anayengoja kuagizwa.

Orlando Fals Borda, Mkolombia aliyekuja kuwa profesa wa sosholojia, alifika Saucío akiwa na miaka ishirini na kitu. Kwa kiasi fulani alidhani hivyo, na akaandika hivyo. Katika utafiti wake wa kwanza aliwaeleza wakulima hawa kuwa watu wenye desturi ya kukubali mambo yalivyo, wapole mbele ya mkubwa, wasiotazamia badiliko. Haikupita miaka kumi, watu walewale wakakutana, wakaamua, wakabeba mawe na mbao, wakajenga shule. Kisa ninachotaka kukichambua ni cha shule hiyo ya mwaka 1958, pamoja na yaliyomfuata profesa huyo kwa miaka hamsini baadaye. Wengi humsimulia kwa kuanzia na vitabu na tuzo. Mimi naamini mtu huyu alijengwa Saucío, siku moja na majengo ya shule ile, na bila kuielewa shule hiyo huwezi kuelewa kwa nini baadaye aliacha kiti cha chuo kikuu akaenda kukaa na wakulima wa pwani.

Alizaliwa Barranquilla, pwani ya Karibi ya Kolombia, mwaka 1925, katika familia ya Wapresbiteri. Hilo la dini si dogo. Kolombia ya wakati huo ilikuwa ya Kikatoliki kuanzia serikali hadi jikoni, na Mprotestanti alijulikana tangu utotoni kuwa mtu wa pembeni. Alisoma Dubuque, jimbo la Iowa nchini Marekani, akahitimu fasihi ya Kiingereza mwaka 1947. Aliporudi nyumbani alipata kazi ya ofisini katika kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikijenga bwawa la Sisga, karibu na Chocontá. Vibarua wa bwawa walikuwa wakishuka kutoka vitongoji vya jirani, Saucío kikiwamo. Akaanza kupanda nao. Akapata chumba kwenye nyumba ya familia moja, akavaa ruana, akala walichokula, akacheza ngoma zao, akaandika kila kitu.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Tarehe 9 Aprili 1948 mwanasiasa Jorge Eliécer Gaitán aliuawa mchana kweupe katikati ya Bogotá, na nchi ikatumbukia katika mauaji kati ya Waliberali na Wahafidhina ambayo Wakolombia huyaita tu *La Violencia*. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 200,000. Wachungaji na waumini wa Kiprotestanti nao walishambuliwa katika miaka hiyo. Kijana Mprotestanti kuingia kitongoji cha Wakatoliki na daftari mkononi, akiuliza nani ana shamba la ukubwa gani, kulihitaji ujasiri wake na ukarimu wao. Nautaja ukarimu wao makusudi, maana wasimulizi wengi huutaja ujasiri wake peke yake.

Kutokana na daftari hizo alipata shahada ya uzamili Minnesota mwaka 1953 na udaktari wa sosholojia Florida mwaka 1955. Mwaka huohuo wa 1955 utafiti wa Saucío ukachapishwa Marekani, kwa Kiingereza. Kilikuwa kitabu kizuri kwa viwango vya taaluma: ardhi inavyorithiwa, viazi vinavyolimwa, ndoa, imani, chakula, nyumba. Kila mtu wa Saucío yumo humo kwa namna fulani. Na hakuna mtu wa Saucío aliyeweza kukisoma.

Hapa niruhusiwe kusimama kidogo. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kukusanya takwimu kwa ajili ya taasisi moja ambayo sitaitaja, katika kijiji cha Kanda ya Kati. Dodoso lilikuwa na kurasa nyingi, na kwenye kurasa za mwisho kulikuwa na maswali ya choo na maji. Nilimkuta bibi mmoja anapepeta uwele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akanipa kigoda. Akajibu swali la kwanza, la pili, la tatu. Nilipofika kwenye maji akaweka ungo chini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Wenzako wa mwaka juzi waliniuliza haya haya, mjukuu wangu. Majibu yangu waliyapeleka wapi?" Sikuwa na la kumwambia. Nilijaza kisanduku, nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili. Sijawahi kumsahau, na nilipoanza kusoma habari za Fals Borda nilihisi kwamba na yeye aliulizwa swali hilo mahali fulani, kama si kwa maneno basi kwa macho, na tofauti yake na sisi wengine ni kwamba alirudi kulijibu.

Alirudi Saucío akiwa daktari. Hakwenda na dodoso jingine. Haja ya pale ilikuwa wazi, watoto kupata shule inayostahili kuitwa shule, na serikali ya wakati huo haikuwa na mpango wa kuipeleka kwenye kitongoji kama hicho. Wakulima wa Andes walikuwa na chombo chao cha kazi tangu enzi: *convite*, yaani majirani kukusanyika siku moja kuvuna shamba la mtu au kumwezekea nyumba, mwenye kazi akawapikia. Sisi tungeuita ujima au msaragambo. Jambo lililokuwa geni halikuwa kufanya kazi pamoja. Geni lilikuwa kuitumia nguvu hiyo kwa kitu cha wote, chini ya kamati waliyoichagua wenyewe, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kumbukumbu zilizoandikwa.

Mchango wa profesa katika kamati kama hiyo ni upi hasa? Nimeliwaza swali hili kwa sababu ndipo wasomi wengi wanaojitolea hupotea. Tofali analojua kulipanga ni la maneno. Nguvu za kubeba mawe wenyeji wanazo kuliko yeye, fundi wanaye, na uamuzi wa wapi jengo likae wanaujua vizuri kumzidi. Mtu wa chuo ana kitu kimoja ambacho mkulima wa kitongojini amenyimwa: anajua mlango wa kubisha mjini, na akibisha anafunguliwa. Fals Borda alikiazima kitu hicho kwa kamati. Msaada kutoka nje ya kitongoji ukaja kuongezea kazi ya mikono ya wenyeji, na hesabu ikabaki kwao. Mwaka 1958 shule ikasimama. Miaka miwili baadaye akaandika taarifa fupi kuhusu ujenzi huo, safari hii kwa Kihispania.

Yule aliyeandika kuhusu upole na kukubali mambo yalivyo sasa alikuwa na jengo mbele ya macho yake linalompinga, na watu hawakuwa wamebadilika. Ni mikono ileile, *sumercé* ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara hii jambo lilikuwa lao. Mtu anayelima nusu kwa nusu katika shamba la tajiri, akijua kwamba akizidisha bidii tajiri ndiye anayezidi kupata, huwezi kumpima ari yake kwa kumtazama shambani humo. Unyamavu wake ni hesabu aliyoipiga, na ameipiga sawasawa. Mtafiti anayeuona unyamavu huo akauita tabia ya watu amechanganya ugonjwa na mgonjwa. Heshima yangu kwa Fals Borda inaanzia hapa, kwamba aliyaona makosa yake mwenyewe yakiwa yamejengwa kwa mawe, akaanza kufikiri upya hadharani, mbele ya wanafunzi wake.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Sheria namba 19 ya mwaka 1958, chini ya Rais Alberto Lleras Camargo, ikazipa kamati za aina hiyo nafasi kisheria, zikaitwa *juntas de acción comunal*. Ya Saucío husimuliwa kuwa ya kwanza nchini. Leo Kolombia ina zaidi ya 60,000. Mwaka 1959 Fals Borda na padre Camilo Torres, aliyekuwa amesomea sosholojia Louvain, Ubelgiji, wakaanzisha masomo ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Taifa, Bogotá. Wanafunzi hawakuachwa darasani. Torres aliwapeleka Tunjuelito, mtaa wa maskini kusini mwa jiji, kufanya kazi na kamati za huko. Wakati huohuo Fals Borda alikuwa mkurugenzi mkuu wa wizara ya kilimo, 1959 hadi 1961. Asubuhi wizarani, mchana chuoni, na mwisho wa juma kitongojini.

Ukitazama kwa haraka, hapo ndipo hadithi ingeishia kwa furaha. Mimi naona hapo ndipo tatizo lilipozaliwa.

Kamati iliyotokana na watu waliokaa chini wakaamua ilikuwa kitu kimoja. Kamati iliyosajiliwa wizarani, yenye fomu na mhuri, inayongoja fungu kutoka juu, ilikuwa kitu kingine. Kwa miaka mingi wabunge wa Kolombia walikuwa na haki ya kugawa fedha zilizoitwa *auxilios parlamentarios*. Walizigawa kwa kamati hizo: hapa daraja, pale saruji, kwingine uwanja wa mpira. Mwenyekiti wa kamati aliyeleta kura alipata saruji, asiyeleta alingoja. Kazi ya ujima ikawa ngazi ya mtu mwingine kupandia. Msomaji wa Kenya anayekumbuka harambee zilivyokuwa majukwaa ya wanasiasa, majina yakisomwa kwenye kipaza sauti pamoja na kiasi kilichotolewa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, Fals Borda alaumiwe? Naona analo fungu lake. Alikuwa na mguu mmoja serikalini na mwingine kitongojini, na aliamini kwamba miguu hiyo inaweza kwenda njia moja. Mtu aliyeishi Saucío alipaswa kujua kwamba ofisi ikikishika kitu cha watu haikiachii kirahisi. Lakini nikijiweka mahali pake, mwaka 1958, baada ya miaka kumi ya watu kuchinjana, na rais anasema kamati za wakulima zitambuliwe na sheria, sidhani kama ningekataa. Ningekubali kwa mikono miwili.

Miaka ya 1960 ilimvunja polepole. Mwaka 1962, pamoja na padre Germán Guzmán Campos na mwanasheria Eduardo Umaña Luna, alitoa juzuu la kwanza la uchunguzi wa mauaji yale ya *La Violencia*. Vyama vyote viwili vikubwa vilijiona vikitajwa, na waandishi wakashambuliwa bungeni na magazetini. Upande wa pili, wanafunzi wa mrengo wa kushoto walimkasirikia kwa kuwa kitivo kilipokea fedha za wakfu wa Ford na Rockefeller. Wakamwita mtumishi wa Wamarekani. Torres, rafiki yake, aliondoka chuoni, akaenda msituni na wapiganaji wa ELN, kundi la waasi wa mrengo wa kushoto, akauawa katika mapambano yake ya kwanza tarehe 15 Februari 1966. Kwa hiyo mtu mmoja alishika bunduki na mwingine akabaki na kalamu ambayo pande zote mbili zilikuwa zinaichukia. Kabla ya miaka hiyo kumi kwisha Fals Borda naye aliondoka.

Kisa cha Saucío kilipata sehemu yake ya pili mbali sana na baridi ya Andes, kwenye joto la jimbo la Córdoba, pwani ya Karibi, katika bonde la mto Sinú. Mwaka 1970, na wenzake wachache, aliunda kikundi cha utafiti na vitendo kilichoitwa La Rosca. Wakati huo jumuiya ya taifa ya wakulima, ANUC, ilikuwa inajitanua kwa kasi. Februari 1971 wakulima waliingia kwenye mamia ya mashamba makubwa kote nchini na kuanza kulima. Fals Borda alikwenda Montería, mji mkuu wa Córdoba, kufanya kazi nao. Hakuwa tena na cheo cha profesa, na kamati hii haikuwa ya kusajiliwa popote.

Alimkuta huko bibi mmoja, Juana Julia Guzmán. Mwanzoni mwa karne alikuwa kijakazi na mchuuzi, kisha mwaka 1919 akaongoza chama cha wanawake wafanyakazi Montería, na pamoja na Mwitaliano Vicente Adamo wakapigana na *matrícula*. Huo ulikuwa utaratibu wa deni: tajiri anakupa fedha kidogo leo, anakuandika, na unabaki kumfanyia kazi hadi deni liishe, nalo haliishi. Wakulima waliokimbia deni walifungua ardhi mahali paitwapo Lomagrande, wakaiita ngome yao. Kulikuwa na mapigano na polisi, watu walikufa, viongozi walifungwa. Halafu kimya. Bibi huyu alikaa miongo mingi bila kuulizwa na mtu. Alipoona wakulima wameanza tena kuingia mashambani, akafungua mdomo na akafungua sanduku.

Hilo sanduku nalisema kwa maana yake halisi. Fals Borda alizipa jina nyaraka za aina hiyo: kumbukumbu za sandukuni. Picha zilizokunjwa, barua, risiti, kadi za chama, vitu ambavyo familia maskini huvihifadhi chini ya nguo za sikukuu kwa sababu hakuna ofisi itakayovitunza. Nani kati yetu hana shangazi mwenye bati la biskuti lililojaa karatasi kama hizo?

Swali la bibi wa uwele likajibiwa hapo, kwa njia ambayo nikiifikiria hadi leo hunifurahisha. Hawakuandika taarifa. Msanii wa hapohapo, Ulianov Chalarka, alisikiliza masimulizi ya wazee akayachora. Likatoka jarida la katuni, wino mweusi, maneno yameandikwa kwa mkono na kwa Kihispania cha pwani kama kinavyosemwa sokoni. Toleo la Lomagrande linasimuliwa na bibi Juana Julia mwenyewe, amechorwa na makunyanzi yake, anahadithia. Fungua ukurasa: kuna mkulima anayeandikishwa deni, kuna tajiri na farasi wake, kuna wanawake wamekusanyika. Mkulima asiyejua kusoma alitazama picha, mtoto wake akamsomea maneno, na mazungumzo yakaanza: hapana, haikuwa hivyo, marehemu babu alikuwa upande ule wa mto. Masahihisho hayo yalikuwa sehemu ya kazi. Fals Borda aliuita mpango huu kurudisha maarifa kwa utaratibu, na akausisitiza kwa ngazi: picha kwa wasiosoma, vijitabu kwa viongozi wa vyama, na kitabu kizito kwa wasomi. Jambo moja, ngazi tatu, na hakuna ngazi iliyo aibu kwa nyingine.

Nisiifanye Córdoba kuwa peponi. Uongozi wa ANUC haukukubaliana na La Rosca kuhusu nani aongoze nini, na ushirikiano ukavunjika kabla ya miaka ya 1970 kufika katikati yake vizuri. Mtafiti anayeleta fedha, mashine ya chapa na mawasiliano na ughaibuni ana uzito hata akikaa kimya mkutanini. Halafu kuna suala la kalamu yake. Alipoandika historia ya pwani, juzuu nne kati ya 1979 na 1986, alitumia mbinu ya kuunganisha masimulizi ya watu kadhaa akayaweka kinywani mwa mtu mmoja. Aliitaja wazi, hakuficha. Wanahistoria walimpinga hata hivyo, na mimi niko upande wao katika hili. Mtu aliyekupa neno lake ana haki ya kulikuta neno hilo kwa jina lake, bila kuchanganywa na la jirani. Ila mpangilio wa juzuu hizo bado ni wa kutamanisha: ukurasa wa kushoto ni hadithi, unaweza kuisoma kwa sauti jioni barazani, na ukurasa wa kulia unaoitazama ni nadharia, vyanzo na hoja. Mvuvi na mwanafunzi wa udaktari wanashika kitabu kimoja, kila mmoja na upande wake, na yeyote anaweza kuvuka.

Kutoka kwa wavuvi wa mito ya huko alipata neno ambalo limemfuata hadi kaburini, *sentipensante*: mtu anayehisi anapofikiri na anayefikiri anapohisi. Walimfananisha mtu wa mtoni na kobe wa huko, hicotea, anayejizika kwenye matope wakati wa kiangazi akangoja maji yarudi. Angalia safari aliyosafiri. Saucío aliona unyamavu akauita kukubali. Mtoni aliambiwa unyamavu ni kobe aliye topeni, hai.

Sisi Afrika Mashariki tumo ndani ya kisa hiki, na vijana wengi wanaofundishwa vyuoni utafiti shirikishi, yaani mtafiti na wenyeji kuchunguza jambo pamoja, hawaambiwi. Miaka ileile, bila kuagizana na Kolombia, njia hiyohiyo ilikuwa ikitengenezwa Tanzania. Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini aliishi Bunju miongoni mwa Wazaramo miaka ya 1960. Baadaye, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwatuma wanafunzi vijijini wakafanye utafiti pamoja na wanakijiji. Mradi wa Jipemoyo ulioanza mwaka 1975 wilayani Bagamoyo ulitoka kwake na kwa wenzake Watanzania. Budd Hall alikuwa kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hapo Dar es Salaam, na Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili, alipita mwaka 1971. Aprili 1977 Fals Borda alipoitisha kongamano la dunia kuhusu utafiti wa aina hiyo huko Cartagena, Kolombia, mjadala ulikuwa umekwisha kuota mizizi katika mabara matatu, na yeye mwenyewe katika maandishi yake ya baadaye aliitaja Tanzania miongoni mwa chimbuko. Utafiti shirikishi mara nyingi huletwa kwetu kwenye makabrasha ya wafadhili kana kwamba ni kitu kipya kutoka nje. Bunju iko mwendo wa daladala kutoka Mwenge.

Januari 1979, baada ya wapiganaji wa M-19, kundi jingine la waasi, kuchimba njia ya chini kwa chini na kuiba maelfu ya silaha katika kambi ya jeshi Bogotá, wanajeshi waliwakamata watu wengi. Fals Borda na mkewe, María Cristina Salazar, naye mwanasosholojia, walikuwamo. Yeye aliachiwa mapema. Mkewe alikaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuwa huru. Nimeona maandishi mengi yanayomsifu profesa yakilitaja jambo hili kwa mstari mmoja, na mkewe hatajwi hata jina. Mwaka mmoja gerezani ni mwaka mmoja.

Mwaka 1991 Kolombia iliandika katiba mpya, na Fals Borda, akiwa na miaka 65, alichaguliwa kwenda kwenye bunge la katiba kwa tiketi ya chama kilichotokana na M-19 baada ya kuweka silaha chini. Kazi yake humo ilihusu hasa mipaka ya majimbo na haki za maeneo. Lakini ninachokitazama mimi ni ibara ya 355 ya katiba hiyo. Inakataza mhimili wowote wa dola kutoa *auxilios* au michango kwa watu na vyombo binafsi. Zile fedha za wabunge zilizokuwa zimezinunua kamati za vitongoji kwa miaka mingi zikafungiwa mlango, katika chumba alimokaa mtu aliyekuwapo kamati ya kwanza ilipojenga shule. Haikuwa kazi yake peke yake, na wanasiasa walipata vichochoro vingine baadaye. Hata hivyo hesabu iliyofunguliwa Saucío mwaka 1958 ilipata mstari wa kuifunga, miaka 33 baadaye.

Alifariki Bogotá tarehe 12 Agosti 2008. Sehemu moja ya nyaraka zake ipo Chuo Kikuu cha Taifa alikofundisha. Yale ya pwani, picha, kanda za sauti, daftari za mahojiano na michoro ya Chalarka, aliyaacha Montería, kwenye kituo cha nyaraka cha Benki ya Jamhuri, mjini palepale alipofanyia kazi na bibi Juana Julia. Mjukuu wa mkulima wa Lomagrande hahitaji kupanda ndege kwenda Bogotá wala kuomba ruhusa Florida. Anakwenda kaunta, anaandika jina lake, anapewa.